FP16, BF16, FP8: zile herufi wanazoandika kwenye prosesa zina maana gani hasa

Kila ikitoka laptopu mpya au simu mpya yenye mambo ya akili mnemba utakuta kwenye tangazo wameandika inasapoti FP16, nyingine BF16, nyingine inajisifia FP8, yaani namna fupi za kutunza namba zenye desimali, halafu watu wanagawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema huo ni utapeli, kwamba kampuni zimepunguza usahihi wa hesabu ili mashine ionekane ina kasi. Na wapo wanaosema hiyo ndo teknolojia yenyewe na kila kitu kihamie huko, mpaka mfumo wa mishahara. Wote wamekosea, na ukiwasikiliza vizuri wamekosea kwa sababu moja, hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaonyesha namba yenyewe inakaaje ndani ya prosesa.

Mimi hili jambo limenikaa kichwani tangu kijana mmoja anayejifunza kuprogramu kwa C aniandikie, "Shikamoo kaka. Nimetengeneza kitu cha kupima joto la banda la vifaranga, inasoma kila dakika halafu inatoa wastani. Nimetumia FP16 kuokoa nafasi. Kwenye laptopu inakufa hapohapo ikiwaka, kwenye simu inafanya kazi, siku ya kwanza jibu zuri kabisa, siku ya pili inaandika inf. Nimekosea wapi?" Katika huo ujumbe mfupi kulikuwa na karibu kila kitu ambacho watu wanachanganya kuhusu hizi namba, kwa hiyo nitautumia, ila kwanza tuanzie chini.

Kompyuta ikitaka kutunza namba yenye desimali haiandiki kama sisi tunavyoandika kwenye daftari. Inatumia kitu kinaitwa namba ya nukta inayoelea, watu wa programu wanasema floti. Wazo lake unalijua tayari: badala ya kuandika 350,000 unaandika 3.5 mara kumi kwa kipeo cha 5, na badala ya 0.00035 unaandika 3.5 mara kumi kwa kipeo cha hasi 4. Tarakimu ni zilezile, kinachobadilika ni kile kipeo kinachosema nukta isogee wapi, ndo maana ikaitwa inayoelea. Kompyuta inafanya hivyohivyo ila kwa vipeo vya mbili.

Sasa chukua ile fomu ya visanduku, ile ambayo kila herufi ya jina ina kisanduku chake na jina likiwa refu linakatwa. Floti ya kawaida, FP32, ni fomu ya visanduku 32, yaani biti 32. Kisanduku kimoja ni cha alama, hasi au chanya. Vinane ni vya kipeo, hivyo ndo vinaamua namba inaweza kuwa kubwa kiasi gani au ndogo kiasi gani. Vilivyobaki 23 ni vya tarakimu, hivyo ndo vinaamua usahihi. Utaratibu huu uliwekwa kwenye kiwango cha IEEE 754 mwaka 1985, na mtu aliyeubeba sana mgongoni ni profesa William Kahan wa Berkeley, maana kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na floti yake na programu ileile ukiihamishia mashine nyingine unapata jibu jingine.

FP16 ni fomu ya visanduku 16 tu: kimoja alama, vitano kipeo, kumi tarakimu. Iliingia rasmi kwenye kiwango hicho mwaka 2008, japo watu wa picha walikuwa wanaitumia kabla, faili za OpenEXR za studio ya Industrial Light & Magic zilikuwa na namba za aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. BF16 nayo ni visanduku 16, ila wameigawa tofauti: kimoja alama, vinane kipeo, saba tarakimu. Ile B inatokana na Google Brain, timu iliyoitengeneza kwa ajili ya mashine zao za kufundisha modeli. Ukiangalia vizuri utaona BF16 ina kipeo kilekile cha FP32, kwa hiyo ni kama umechukua FP32 ukaikata nusu ya nyuma ukaitupa.

Hapo ndo penye kila kitu, kwamba una visanduku 16 na lazima uchague: unataka kufika mbali au unataka usahihi. FP16 imechagua usahihi, BF16 imechagua kufika mbali.

Tuone kwa hela maana hela kila mtu anaielewa. Namba kubwa kabisa inayoingia kwenye FP16 ni 65,504. Mshahara wa shilingi 350,000 hauingii, ukiulazimisha unageuka kuwa infiniti, ile inf. Kwenye BF16 unaingia bila shida, BF16 inafika mpaka namba yenye sifuri 38, ila huko kwenye laki tatu na kitu inaruka kwa hatua za 2,048, kwa hiyo 350,000 inakuwa 350,208. Na mwenye 351,000 je? Naye anakuwa 350,208. Watu wawili wenye mishahara tofauti wamekuwa na mshahara mmoja, na hakuna kosa lolote lililoonyeshwa, programu inaendelea kama kawaida. Hata nauli ya 650 kwenye BF16 inakuwa 648. Kwa hiyo wale wa kuhamishia mishahara huko naomba waishie hapo, tena hata FP32 siyo ya hela, ikipita 16,777,216 inaanza kuruka, shilingi milioni ishirini ukiongeza shilingi moja, yaani 20,000,001, inasomeka milioni ishirini kamili. Hela inatunzwa kwa namba kamili, kwa senti, basi.

Sasa kama ni hivyo kwa nini mtu mwenye akili timamu azitumie?

Nenda asubuhi kwa mama anayepika vitumbua. Hapiki kimoja kimoja. Ana chuma chenye matundu saba, anamimina uji wa mchele kwenye kila tundu, moto ni mmoja, muda ni mmoja, anageuza, anatoa saba. Prosesa za sasa zina chuma cha namna hiyo na kinaitwa rejista ya vekta, na amri ya vekta ni ile kusema "jumlisha" mara moja na matundu yote yakajumlishwa kwa pamoja. Chuma cha AVX-512, yaani amri za vekta za prosesa za Intel na AMD, kina upana wa biti 512. Ukitoboa matundu ya biti 32 unapata 16. Ukitoboa ya biti 16 unapata 32. Ukienda kwenye FP8, ya biti 8, unapata 64. Chuma ni kilekile, moto uleule, ila umetoa vitumbua mara mbili au mara nne. Kwenye simu chuma ni kidogo, NEON ya Arm, kampuni inayobuni viini vya prosesa za simu, ni biti 128, FP32 nne au FP16 nane.

Wengi wakieleza wanaishia hapo, kwamba matundu mengi ndo kasi yenyewe. Ila kwa kazi nyingi hilo siyo kubwa, kubwa ni kubeba mzigo.

Angalia fundi anayejenga ukuta. Mkono wake una kasi, lakini tofali zinaletwa na saidia fundi kutoka barabarani, na fundi mwenye kasi kuliko saidia fundi wake anashinda amesimama anasubiri. Prosesa ndo fundi, memori ndo kule barabarani. Chukua modeli ya lugha, ile akili mnemba inayoandika maneno, yenye vigezo bilioni 7, yaani namba ilizojifunza, hizi ndogo ambazo watu wanaziendesha nyumbani. Kwa FP32 kila kigezo ni baiti 4, jumla gigabaiti 28. Kwa FP16 au BF16 ni 14. Na modeli ya namna hii ili itoe kipande kimoja cha neno inabidi ipitie karibu vigezo vyote, yaani mzigo wote unasombwa upya kila kipande. Laptopu yenye ramu mbili za DDR4-3200 inabeba gigabaiti 51.2 kwa sekunde ukiipa bahati zote. Piga hesabu: 28 gawanya kwa 51.2, zaidi ya nusu sekunde kwa kipande kimoja. Ukiwa na 14 ni robo sekunde na kidogo. Prosesa haijabadilika, hesabu haijawa rahisi, ni mzigo tu umepungua nusu na saidia fundi anafika mapema. Na hiyo 28 kwa laptopu ya ramu 16 hata haiingii.

Haya, na usahihi? Mbona modeli haichanganyikiwi? Kwa sababu vigezo vyake mara nyingi ni namba ndogo zinazozunguka sifuri, na jibu linatokana na kujumlisha maelfu ya vizidisho, hiki kimekadiriwa juu kidogo, kile chini kidogo, vinafutana. Mpishi wa pilau la harusi anapima mchele kwa sado, hahesabu punje, na pilau linatoka pilau. Ila zingatia neno nililosema, kujumlisha maelfu, maana hapo ndo panapoharibika na ndo panapohitaji akili, na hapa narudi kwa yule kijana wa vifaranga.

Kipimo chake ni DS18B20, kile kidogo cha waya tatu watu wengi wanakitumia. Kinatoa joto kwa hatua za 0.0625 na hakipiti nyuzi 125. Sasa FP16 kati ya 64 na 128 inaruka kwa 0.0625 kamili, na chini ya hapo inaruka kwa hatua ndogo zaidi, kwa hiyo kila kipimo ambacho kile kifaa kinaweza kutoa kinaingia kwenye FP16 bila kupoteza chochote, hata chembe. Kutunza kwa FP16 alikuwa sahihi kabisa. Angetumia BF16 ndo angeumia, kule kwenye nyuzi 32 BF16 inaruka kwa robo nyuzi. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanarudia kwamba BF16 ni mpya kwa hiyo ni bora, hapana, ni fomu yenye mgawanyo mwingine na kazi nyingine.

Kosa lake lilikuwa mstari mmoja. Jumla nayo aliiweka kwenye FP16, ambayo kwenye C inaandikwa _Float16:

_Float16 jumla = 0;
jumla += joto;

Tuseme joto ni 32 muda wote. Kila dakika inaongezeka 32, vizuri tu, mpaka dakika ya 1,024, ambayo ni saa 17 na dakika nne, jumla inafika 32,768. Kuanzia hapo FP16 inaruka kwa hatua za 32. Haina namba yoyote kati ya 32,768 na 32,800. Sasa ukiongeza 32 inaenda 32,800, sawa. Joto likishuka likawa 20, vifaranga wanatetemeka, 32,768 jumlisha 20 ni 32,788, haipo, inakadiriwa hadi ya karibu ambayo ni 32,800. Taa ikizidi ikawa nyuzi 40? 32,808, ya karibu ni ileile 32,800. Yaani baada ya saa 17 programu yake ilikuwa haisikii tena tofauti ya baridi na joto, chochote kati ya 16 na 48 kinahesabiwa 32. Na ukitazama wastani kwenye kioo unaona 32, nzuri, unaenda kulala. Halafu dakika ya 2,048, saa 34 na dakika nane, jumla inavuka 65,504 inakuwa inf, na inf haishuki tena. Ile inf iliyomtisha ndo iliyomsaidia, kibaya zaidi kilikuwa ni yale masaa 17 ya kabla yake ambayo jibu lilionekana zuri na halikuwa linapima kitu.

Hii ya namba kukwama ukitaka kuiona mwenyewe ni rahisi, andika mzunguko unaoongeza moja moja mara elfu kumi. FP16 inafika 2,048 inasimama, kwa sababu 2,049 haipo, iko katikati ya 2,048 na 2,050, na kanuni ya kukadiria ikiwa katikati inachagua ile ambayo biti yake ya mwisho ni sifuri, inarudi 2,048, milele. BF16 inasimama 256. FP8 aina ya E4M3, yaani kipeo biti 4 na tarakimu 3, inasimama 16, na E5M2, kipeo 5 na tarakimu 2, inasimama 8. Nane tu.

Waliotengeneza hizi amri walilijua hili, na ndo maana amri nzuri za namba ndogo zina tabia moja: zinapokea vidogo, zinajumlishia kwenye kikubwa. Angalia ile inaitwa VDPBF16PS, jina kama namba ya gari lakini kazi yake inaeleweka. Inachukua chuma kimoja chenye BF16 32, na cha pili chenye 32, inazidisha kila moja na mwenzake, halafu vizidisho viwili vilivyo jirani inavijumlisha na kuviongeza kwenye chuma cha tatu ambacho kina FP32 16. Umeona? Mzigo umebebwa mdogo, jumla imewekwa kwenye kubwa. Ukiambiwa modeli imeendeshwa kwa BF16 mara nyingi maana yake ni hiyo, vigezo ni BF16 lakini ule mfuko wa kujumlishia ni FP32. Kwa hiyo kusema "nusu ya biti ni nusu ya ubora wa jibu" siyo kweli, inategemea hizo biti chache umeziweka wapi.

Kwenye kufundisha modeli kuna tatizo la upande wa pili, namba kuwa ndogo mno. FP16 ikishuka chini ya kama 0.00000003 inazama inakuwa sifuri, na yale marekebisho madogo modeli inayojifunza nayo mengi yako maeneo hayo. Mwaka 2017 watafiti wa NVIDIA na Baidu walionyesha dawa: zidisha kila kitu kwa namba kubwa kabla, fanya hesabu, halafu gawanya baadaye kwenye FP32. Inafanya kazi, ila ni kazi ya ziada na ukikosea kipimo unapata inf. BF16 inafika chini kama FP32 kwa hiyo hiyo shughuli yote inaondoka, na hii ndo sababu ya kweli iliyofanya watu wa kufundisha modeli waikimbilie.

Turudi kwenye laptopu inayokufa. Hapa ndo nawaonea huruma watu maana neno "inasapoti FP16" linabeba vitu vitatu tofauti na hakuna anayekuambia ni kipi.

Kuna prosesa inayojua kubadilisha tu. Hiyo ndo F16C, kwa Intel ilikuja na kizazi cha Ivy Bridge mwaka 2012 na leo karibu kila laptopu inayo. Ina amri mbili, moja inapanua FP16 kuwa FP32, nyingine inabana FP32 kuwa FP16. Haijui kujumlisha FP16. Unatunza kidogo, unapanua, unahesabu kwa FP32, unabana, unarudisha, na kwa kazi ya kubeba mzigo hii peke yake inatosha sana watu wanaidharau bure. Kuna prosesa inayojua kuzidisha na kujumlisha kwa ile namna ya VDPBF16PS pamoja na kubadilisha na si zaidi, hiyo ni AVX512_BF16, ilianza na Intel Cooper Lake 2020 na AMD wakaiweka kwenye Zen 4 mwaka 2022. Halafu kuna inayojua kila hesabu kwa FP16 moja kwa moja, kujumlisha, kutoa, kugawanya, kipeuo, hiyo ni AVX512_FP16, ilikuja na Sapphire Rapids za seva Januari 2023. Zen 4 haina hiyo. Na laptopu za kawaida za Intel tangu Alder Lake ya 2021 AVX-512 yote imefungwa. Kwa hiyo mpya siyo lazima iwe nayo.

Kijana alipoangalia laptopu yake kwa lscpu, amri ya Linux inayoorodhesha uwezo wa prosesa, aliona f16c akafurahi, akaenda kuiambia kompaila, ile programu inayogeuza C kuwa amri za prosesa, itumie avx512fp16. Kompaila haibishani, ukiiambia mashine ina amri fulani inakuamini na inaandika hizo amri. Prosesa ikakutana na amri isiyoijua, mfumo ukaua programu, "Illegal instruction", mwisho. Ukitaka kutumia amri za namna hii kwenye programu utakayowapa watu, programu yenyewe lazima iulize kwanza kwa CPUID, amri ya kuiuliza prosesa inajua nini, na kwa rejista za biti 512 iulize pia kwa XGETBV kama mfumo endeshi umeziruhusu, halafu iwe na njia ya pili ya kawaida kwa mashine isiyonazo.

Na simu yake je, mbona ilifanya kazi? Hili watu wengi wanashangaa. Arm waliweka hesabu kamili za FP16 kwenye ARMv8.2, na viini vya Cortex-A55 vya mwaka 2017 vinazo, na A55 ipo kwenye simu nyingi tu za bei ya chini. Kwa hiyo simu ya kawaida ya mfukoni inajumlisha FP16 nane kwa amri moja wakati laptopu ya bei mara kumi haijui kujumlisha hata moja. Fungua Termux, app ya kuandikia amri kwenye Android, andika cat /proc/cpuinfo, ukiona asimdhp kwenye mstari wa Features basi unayo. Ukiona viini ni Cortex-A53, za kizazi cha nyuma, huna.

Kuna imani nyingine inabidi niiseme maana inasumbua hata wazoefu, kwamba programu ni ileile kwa hiyo jibu litakuwa lilelile kila mashine. Chukua mstari wa (a + b) / 2, a na b zote ni _Float16 na zote ni 60,000. Kwenye mashine inayohesabu FP16 moja kwa moja, 60,000 jumlisha 60,000 inapita 65,504, inf, gawanya kwa mbili bado inf. Kwenye mashine isiyo na hizo amri kompaila ya GCC inahesabu kwa FP32 katikati na kubana mwishoni tu, unapata 60,000. Zote zimefuata kanuni. Ukitaka zifanane kuna chaguo la -fexcess-precision=16 linalolazimisha kubana baada ya kila hatua, jibu litakuwa inf kote, lakini angalau utalijua mapema mezani kwako na siyo kwa mteja.

Na kwa anayetaka kuandika mwenyewe ile ya kukata FP32 kuwa BF16, maana inaonekana kazi ya mstari mmoja, usikate tu, kadiria, unaongeza 0x7FFF (namba za 0x zimeandikwa kwa hexadesimali) pamoja na ile biti ya mwisho itakayobaki halafu unasogeza biti 16. Ila angalia NaN kwanza, ile namba ambayo siyo namba. 0x7FFFFFFF ni NaN, ukiiongezea hivyo inafurika na baada ya kusogeza unabaki na 0x8000, ambayo ni sifuri hasi. Kosa lililokuwa linapiga kelele limekuwa sifuri iliyonyamaza. Nimeshakesha usiku mzima kulitafuta hilo kwenye programu ya watu, data zote zilionekana safi.

FP8 sitaikalia sana, ni wazo lilelile limesukumwa mbele. Mwaka 2022 NVIDIA, Arm na Intel walipendekeza aina mbili, E4M3 inayofika 448 na E5M2 inayofika 57,344, na kwa sababu hazifiki mbali kila kundi la namba linatembea na kizidisho chake pembeni. Watu wanaichanganya na INT8, yaani namba kamili za biti 8, kwa sababu zote ni biti 8. INT8 ni kama rula, mistari imeachana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. FP8 mistari yake imebanana karibu na sifuri na kuachana kadiri unavyokwenda mbali. Ipi ni nzuri inategemea namba zako zimekaa wapi.

Kijana nilimwambia abadilishe neno moja tu, jumla iwe float, yaani FP32, vipimo abaki kuvitunza kwa FP16 vilevile, na kwenye laptopu atumie F16C badala ya ile aliyoilazimisha. Vipimo vyenyewe vilikuwa vimetunzwa vyote kwenye faili na havijaharibika, kwa hiyo akavipitisha upya kuanzia dakika ya kwanza. Akanitumia mchoro wake. Usiku wa kwanza, dakika ya 1,190 na kitu, umeme ulikatika na joto likaanza kushuka, 30, 27, 24, likakaa hapo kama dakika arobaini. Mchoro wa zamani pale ni mstari umenyooka. Mpya unashuka.